Jina Kabla ya Kipimo: Historia ya Vihisi vya Mwendo katika Michezo ya Theluji

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna umahiri wa wanamichezo wa theluji ulivyopimwa tangu miaka ya 1920, ulipotegemea saa na jicho la mwamuzi, hadi zama hizi ambapo mchezaji huvaa vihisi vya mwendo mwilini. Hoja inayojengwa ni kwamba kila hatua ya historia hiyo ilitanguliwa na uamuzi wa kilugha: kabla ya chombo kupima kitendo, ilibidi watu wakubaliane kitendo hicho kinaitwaje, kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mifano imetolewa katika slalomu, kuruka kwa skii, kuteleza nyikani na mchezo wa ubao wa theluji. Makala inahitimisha kwa kuonesha funzo la historia hiyo kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, ambako vifaa vya namna hii vinazidi kupatikana.

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza nyikani kwa mtindo wa jadi. Boit alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Ufini kufanya mazoezi. Mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa mwisho, katika nafasi ya 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia akamkumbatia, na tukio hilo likakumbukwa kuliko ushindi wenyewe.

Saa ilieleza kwa usahihi kwamba kati ya wawili hao kulikuwa na tofauti ya dakika 20. Haikueleza tofauti hiyo ilitoka wapi. Je, ilitokana na pumzi, jambo ambalo mkimbiaji kutoka Kenya hakutarajiwa kupungukiwa? Au ilitokana na namna ya kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, pembe ya fimbo, au kuchagua mtindo usiofaa kwenye mlima? Kocha aliyetaka kujibu maswali hayo alikuwa na jicho lake, na pengine kamera iliyowekwa mahali pamoja katika njia ya kilomita kadhaa.

Vihisi vya mwendo vinavyovaliwa mwilini vilitengenezwa ili kuziba pengo hilo. Hata hivyo, historia ya vihisi hivyo mara nyingi husimuliwa kama historia ya vifaa tu: vilikuwa vikubwa, vikawa vidogo, vilikuwa ghali, vikawa rahisi. Makala hii inaitazama historia hiyo kwa upande wa lugha. Katika mjadala huu, neno "skii" linatumika kwa maana ya vibao virefu viwili vinavyofungwa miguuni ili kutelezea, na "kihisi cha mwendo" ni kifaa kidogo kinachovaliwa mwilini na kurekodi mabadiliko ya mwendo na ya mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde.

2.0 Saa na Jicho la Mwamuzi

Neno slalomu, ambalo leo limeenea katika lugha nyingi, lina asili yake Norwei, katika eneo la Telemark. Sehemu yake ya kwanza inahusu mteremko na ya pili inahusu alama ya njia. Mwaka 1922 Mwingereza Arnold Lunn aliandaa shindano la slalomu huko Mürren, Uswisi, na kulipa neno hilo maana mpya: kuteremka kwa kupita kati ya milingoti iliyopangwa, mshindi akiwa yule aliyetumia muda mfupi zaidi. Kabla ya hapo, mashindano ya kukata kona yalitoa uzito mkubwa kwa uzuri wa mkao. Lunn aliupinga mtazamo huo, akishikilia kwamba kona ya haraka isiyopendeza ina thamani kuliko kona ya kupendeza inayochelewesha.

Kwa uamuzi huo, umahiri ulifasiriwa kuwa muda. Ufafanuzi huo ulikuwa rahisi kusimamiwa na ulikubalika kimataifa. Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, liliundwa mwaka 1924, na michezo ya kuteremka milimani ikaingizwa katika Olimpiki ya mwaka 1936 huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Tangu hapo juhudi kubwa ilielekezwa katika kuigawa sekunde, hadi kufikia sehemu zake mia. Mwaka 2014, huko Sochi, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walitumia dakika 1 na sekunde 41.57 kila mmoja katika mbio za kuteremka za wanawake, na wote wawili wakapewa medali ya dhahabu. Kwa mujibu wa saa walikuwa sawa. Kwa mtu anayetaka kujua kila mmoja alipata wapi na kupoteza wapi, saa ilikuwa imemaliza kazi yake bila kugusa swali hilo.

Mchezo wa kuruka kwa skii ulifuata njia nyingine. Humo umbali ulipimwa kwa mita, lakini mkao wa mrukaji angani na wakati wa kutua ulipewa alama na waamuzi. Mchanganyiko huo wa kipimo na maoni ulizaa matatizo mapema. Katika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, medali ya shaba ilipewa Thorleif Haug wa Norwei. Miaka 50 baadaye iligunduliwa kwamba alama zake zilijumlishwa vibaya, na mwaka 1974 medali hiyo ikakabidhiwa Anders Haugen wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa mzee. Haug alikuwa amekwisha kufariki, na aliyeikabidhi ni binti yake.

Tatizo la pili lilikuwa zito kuliko kosa la hesabu. Kwa miaka mingi mkao mzuri ulifafanuliwa kuwa ule wa skii mbili zinazokwenda sambamba angani. Katika miaka ya 1980 Jan Boklöv wa Uswidi alianza kuruka akizitanua ncha za skii zake kwa umbo la herufi V. Umbo hilo lilimpa msaada mkubwa zaidi wa hewa, akaruka mbali. Waamuzi walimpunguzia alama za mkao kwa sababu alikuwa nje ya ufafanuzi uliokuwepo. Hata hivyo, kwa nguvu ya umbali wake alitwaa Kombe la Dunia la msimu wa 1988/89. Miaka michache baadaye wenzake walikuwa wamemfuata, na kanuni za kutoa alama zikabadilishwa. Maumbile ya hewa yalikuwa yaleyale muda wote; kilichobadilika ni maana ya maneno "mkao mzuri" katika kitabu cha kanuni.

3.0 Kihisi Kinahisi Nini?

Mbinu ya kukadiria mwendo kwa kuhisi nguvu na mzunguko ilitumika kwanza katika vyombo vikubwa kama meli, ndege na roketi. Katika miaka ya 1990 vihisi vidogo vya silikoni vilianza kutumika kwa wingi katika magari, ili kutambua mgongano na kufungua mifuko ya hewa inayomkinga abiria. Muongo uliofuata viliingia katika vifaa vya michezo ya kompyuta na simu za mkononi, bei ikashuka, na watafiti wa michezo wakaviona kuwa fursa.

Kihisi cha kawaida cha mwendo kina sehemu mbili au tatu. Akselerometa huhisi mabadiliko ya kasi pamoja na mvuto wa dunia. Jairoskopu huhisi kasi ya mzunguko. Magnetometa huhisi uga wa sumaku wa dunia, hivyo husaidia kujua mwelekeo. Kila sehemu ina udhaifu wake. Akselerometa haiwezi peke yake kutofautisha mwili ulioinama na mwili unaosukumwa upande, na katika kona ya slalomu mambo hayo mawili hutokea pamoja. Jairoskopu haitoi pembe moja kwa moja. Pembe hupatikana kwa kujumlisha kasi ya mzunguko hatua kwa hatua, na kosa dogo la kila hatua hulimbikizana. Hali hiyo inafanana na ya nahodha anayekadiria mahali alipo kwa kuhesabu mwendo na mwelekeo tangu alipong'oa nanga. Usiku wa kwanza hesabu yake inaaminika, lakini asipoona nyota wala nchi kavu kwa siku kadhaa, kosa la kila saa huwa limemfikisha mbali na alikodhani yupo.

Ndiyo maana watafiti walitafuta "nyota" za kusahihishia hesabu. Mwaka 2008 Matt Brodie na wenzake wa New Zealand walichapisha mfumo uliounganisha vihisi vya mwilini na mawimbi ya setilaiti ili kuchunguza mtelezaji wa mbio za milimani. Mwaka 2010 Matej Supej wa Slovenia alionesha matumizi ya vazi lenye vihisi mwili mzima, likisaidiwa na upimaji wa setilaiti wenye usahihi mkubwa. Huko Lausanne, Uswisi, maabara iliyoongozwa na Kamiar Aminian ilitengeneza mbinu za kutambua hatua za kuruka kwa skii na mienendo ya kuteremka bila kuhitaji kamera kando ya njia. Katika tafiti za aina hii mchezaji huombwa kwanza kufanya vitendo rahisi, kama vile kusimama wima au kuchuchumaa, ili kihisi kilichofungwa pajani kijue paja limeelekea wapi.

Pamoja na hatua hizo, swali moja halikuweza kujibiwa na kifaa. Kocha akitaka kujua kona ilichukua muda gani, ni lazima pawe na ufafanuzi wa mahali kona inapoanzia. Mtu mmoja anaweza kusema kona huanza pale skii zinapolala bapa kwenye theluji kabla ya kuhamia ukingo wa pili. Mwingine anaweza kusema huanza pale njia ya kitovu cha uzito wa mwili inapokatana na njia ya skii. Fasili zote mbili zinatetewa kwa hoja za biomekanika. Data ikiwa ileile, fasili mbili hutoa muda usiolingana, na kocha asiyejua fasili iliyotumika anaweza kumlaumu mchezaji kwa kuchelewa ambako kumo katika istilahi.

4.0 Kuifundisha Mashine Majina ya Mitindo

Uhusiano huu wa jina na kipimo unaonekana wazi zaidi katika kuteleza nyikani. Mtindo wa jadi, aliotumia Boit, una mitindo midogo ndani yake. Upo mwendo wa mshazari, ambapo mkono na mguu vya pande tofauti hwenda mbele pamoja. Upo msukumo wa fimbo mbili kwa wakati mmoja. Upo msukumo wa fimbo mbili unaoambatana na teke la mguu mmoja. Na upo mwendo wa kupanda mlima mkali kwa kutanua ncha za skii hadi alama zake zifanane na mifupa ya samaki. Mchezaji hodari hubadili mitindo hii kulingana na mteremko, kasi na uchovu, na ubadilishaji huo ni sehemu ya umahiri wake.

Mwaka 2012 Finn Marsland na wenzake wa Australia walionesha kwamba kihisi kimoja kilichovaliwa sehemu ya juu ya mgongo kinatoa mawimbi ya data ambayo kwayo mitindo hiyo inaweza kutambuliwa. Mwaka 2018 watafiti wa Norwei, akiwemo Ole Marius Hoel Rindal, walichapisha matokeo ya algoriti inayojifunza kuainisha mitindo ya jadi kutokana na data ya vihisi. Kutokana na kazi za namna hii, inawezekana kueleza mchezaji alitumia mtindo gani katika kila sehemu ya njia, kwa muda gani, na kila mzunguko wa hatua ulimpeleka mita ngapi. Hayo ndiyo maelezo ambayo saa ya Nagano haikuweza kuyatoa.

Hata hivyo, algoriti ya aina hiyo haizaliwi ikijua mitindo. Hufundishwa kwa mifano ambayo binadamu ameitazama na kuipa majina. Anayetoa majina huamua hatua ya mpito kati ya mtindo mmoja na mwingine iwekwe kundi gani, au itupwe. Aidha, majina yenyewe hayafanani. Katika kuteleza kwa mtindo huru, Wanorwei huhesabu mitindo kwa namba za gia, kwa kufananisha mwili na gari, ilhali makocha wa Amerika Kaskazini hutumia majina yanayotokana na alama ya V inayoachwa na skii kwenye theluji. Mifumo hiyo miwili haigawanyi mwendo kwa namna moja kila mahali. Mashine iliyofundishwa kwa mfumo mmoja huona mitindo ya mfumo huo tu, na mwendo usio na jina humo hulazimishwa kuingia katika jina lililopo.

5.0 Mfereji wa Theluji na Swali la Mwamuzi

Mvutano mkubwa zaidi ulitokea katika mchezo wa ubao wa theluji, hasa ule wa mferejini. Mchezaji huteleza katika mfereji wenye kuta mbili zilizopinda, hurushwa juu ya ukingo, huzunguka hewani na kutua upande uleule, kisha huvuka kwenda ukuta wa pili. Waamuzi hutoa alama kwa mtazamo wa jumla: urefu wa kuruka, ugumu wa mizunguko, aina za vitendo, utekelezaji na mtindo binafsi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, Jason Harding na wenzake, kwa ushirikiano na Taasisi ya Michezo ya Australia, waliwafunga wachezaji hodari vihisi vidogo na kulinganisha data na alama za waamuzi. Waligundua kwamba vigezo viwili tu, yaani muda wa kuwa hewani na kiasi cha mzunguko, vilihusiana kwa nguvu na alama zilizotolewa. Matokeo hayo yaliibua swali la kisera: ikiwa mashine inaweza kukaribia uamuzi wa binadamu, je, binadamu aondolewe? Watafiti hao waliwaendea wachezaji, makocha na waamuzi wenyewe kuwauliza. Jibu lilikuwa la tahadhari. Walikubali vipimo vitumike kama msaada, lakini walihofia kwamba mchezo ulioanza kwa kuthamini uhuru na mtindo ungegeuzwa mashindano ya kuhesabu nyuzi za mzunguko.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Majina ya vitendo katika mchezo huu hutajwa kwa nyuzi: 720, 900, 1080 na kuendelea. Msikilizaji angedhani hivyo ni vipimo, lakini ni majina ya kimapokeo. Mchezaji huanza kuzungusha mwili kabla ya kuacha ukuta na humalizia baada ya kutua, na mara nyingi huzunguka kwenye mhimili ulioinama. Kwa hiyo idadi ya nyuzi ambazo jairoskopu inarekodi hewani hailazimiki kulingana na namba iliyo katika jina. Kanuni ikisema alama zitolewe kwa jairoskopu, wachezaji wataanza kutafuta kile ambacho jairoskopu inakiona, na jina la zamani litabaki bila kazi.

Tukio la Beijing mwaka 2022 linaonesha upande wa pili. Katika fainali ya wanaume ya mchezo wa ubao wa theluji wenye vikwazo na marukio, Max Parrot wa Kanada alishinda dhahabu. Baadaye ilibainika kwamba katika ruko moja mkono wake ulishika goti badala ya kushika ubao, na waamuzi hawakuliona kosa hilo kwa pembe ya kamera waliyopewa. Wengi waliona tukio hilo kuwa sababu ya kuleta mashine. Lakini kihisi kilichofungwa kiunoni kingehesabu mzunguko na muda wa hewani sawasawa, mkono uwe umeshika goti au ubao. Ili kosa lile lionekane, ilibidi kwanza mtu aamue kwamba mshiko ni kitu kinachopaswa kuhisiwa, na kuweka chombo mahali panapofaa.

6.0 Kutoka Ushindi hadi Usalama wa Goti

Mwaka 2006 FIS ilianza mfumo wa kufuatilia majeraha ya wachezaji wake, na kano za goti zikabainika kuwa eneo la hatari katika mbio za milimani. Hapo swali la upimaji lilibadilika. Badala ya kuuliza nani ana kasi, watafiti waliuliza mwili unabeba nguvu kiasi gani katika kona na marukio. Jörg Spörri, Matthias Gilgien na wenzao walitumia, miongoni mwa mbinu nyingine, vifaa vya setilaiti walivyovalishwa watelezaji watangulizi, ambao hupita njia ya mashindano ya Kombe la Dunia kabla ya washindani. Kwa njia hiyo kasi, ukali wa kona na nguvu vilikadiriwa katika mazingira halisi ya mbio.

Utafiti wa mkondo huu ulihusishwa na mabadiliko ya kanuni za vifaa. Kuanzia msimu wa 2012/13, kipenyo nusu cha upinde wa skii za slalomu kubwa za wanaume kiliongezwa hadi mita 35, kwa lengo la kuzuia skii zisijikate kwa ukali kwenye theluji. Wachezaji kadhaa walilalamika kwamba kanuni hiyo ililetwa bila kusikiliza uzoefu wao. Kuanzia msimu wa 2017/18 kipimo hicho kilipunguzwa hadi mita 30. Mfano huu ni muhimu kwa mshauri wa sera kwa kuwa unaonesha kipimo kikitoka maabara na kuwa sheria inayogusa miili ya watu. Kati ya namba ya kihisi na kifungu cha kanuni palikuwa na maneno "hatari" na "usalama", na maana ya maneno hayo ilijadiliwa na watu, pamoja na wale waliotakiwa kuvaa skii hizo.

7.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Ushiriki wa Afrika Mashariki katika michezo ya theluji ni mdogo lakini upo. Baada ya Boit, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za milimani za Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Katika Olimpiki hiyohiyo vihisi vya mwendo vilitumika kuwapa watazamaji takwimu wakati mashindano yakiendelea. Funzo la historia hii, hata hivyo, linavuka theluji, kwa kuwa vihisi vilevile huvaliwa na wakimbiaji na wachezaji wa mpira wa eneo hili.

Kwanza, vifaa hivi huja vikiwa vimekwisha kufundishwa majina ya vitendo kwa lugha na desturi za ufundishaji za mahali vilikotengenezwa. Taasisi inayovinunua inapaswa kudai fasili zilizotumika: hatua inaanzia wapi, uchovu umefafanuliwaje, na mifano ya kufundishia ilitoka kwa nani. Pili, istilahi za Kiswahili za mwendo wa mwili zinahitaji kuandaliwa kwa ushirikiano wa makocha, wanamichezo na wanaisimu, kabla majina ya kigeni hayajafungiwa ndani ya programu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza na vyama vya Kiswahili vya nchi wanachama, vina nafasi ya kuratibu kazi hiyo. Tatu, data ya mwili ni mali nyeti. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mwanamichezo atanufaika na sheria hizo ikiwa fomu ya ridhaa anayotia saini imeandikwa kwa lugha anayoielewa, na inamwambia wazi kwamba namba zinazokusanywa zinaweza kutumika kumchagua au kumwacha.

8.0 Hitimisho

Tangu Lunn alipolichukua neno la Telemark na kulifungamanisha na saa, upimaji wa umahiri katika theluji umepita katika mikono ya waamuzi, wahandisi na sasa algoriti. Katika kila hatua usahihi uliongezeka, na katika kila hatua mtu fulani aliamua kwanza ni kipi kipewe jina. Boklöv aliadhibiwa na fasili, Haugen alicheleweshewa haki kwa nusu karne na hesabu ya mkono, na wachezaji wa mferejini walitetea kitu ambacho vigezo viwili vya kihisi havikukitaja. Kwa nchi zinazopokea teknolojia hii zikiwa na lugha yenye uwezo wa kuieleza, kazi ya kutoa majina haipaswi kusubiri vifaa vifike. Kocha wa Kenya, Uganda au Tanzania atakayesoma takwimu za kihisi kesho anastahili kujua, kwa Kiswahili, namba iliyo mbele yake inahesabu kitendo gani, na nani aliamua kihesabiwe.